Mechi saba, ushindi mmoja: Léopards walicheza vizuri ao tunajidanganya?

FundiWaKadutu (Bukavu)

Jambo yenu wote. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kadutu, na ndani ya atelie yangu redio haizimwi. Tangu Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, warudi kutoka CAN (Kombe la Mataifa ya Afrika) kule Côte d'Ivoire, mwezi huu wa Februari 2024, kila mchambuzi anayepewa mikrofoni anaimba wimbo mmoja: timu imekomaa, kocha ni bingwa, nafasi ya nne Afrika si mchezo. Wateja wanaitikia kwa kichwa. Mimi nakata kitambaa na kunyamaza, maana mteja aliyekasirika halipi. Lakini hapa hakuna anayenidai wala ninayemdai, basi niulize.

Tuhesabu, mapenzi tuyaweke kando kidogo. Zambia 1-1. Moroko 1-1. Tanzania 0-0. Pointi tatu kwa mechi tatu, tukapita wa pili kwa sababu Zambia na Tanzania walikuwa na mbili mbili. Misri 1-1, penalti 8-7. Guinea 3-1, hapo sawa, hapo nilifunga duka mapema na sikujuta. Côte d'Ivoire wakatufunga 1-0. Afrika Kusini 0-0, wakachukua nafasi ya tatu kwa penalti 6-5. Ukiangalia mchezo wenyewe, penalti ukiziacha pembeni, tumeshinda mechi moja tu katika saba.

Ile ya Misri ndiyo inanikera kuliko zote, na ndiyo hiyo watu wanaisifu kuliko zote. Salah hakucheza. El Shenawy, kipa wao wa kwanza, alikuwa ameumia kwenye mechi ya Cape Verde. Mwanzoni mwa dakika za nyongeza Mohamed Hamdy akapewa kadi nyekundu, wakabaki kumi. Zaidi ya dakika ishirini tunawazunguka watu kumi waliochoka, na goli halikuja! Huku kwetu ilikuwa imeshapita saa sita ya usiku, jirani zangu wote macho, na mimi najiuliza: hawa wakibaki tisa tutafunga? Kisha kwenye penalti kipa wao wa akiba Gabaski akagonga mwamba, kipa wetu Mpasi akafunga, mtaa ukalipuka. Mimi pia nilipiga kelele, sikatai. Lakini asubuhi yake mchambuzi anasema "tumeitawala Misri". Tumeitawala na nini?

Basi swali langu: timu ikifika nusu fainali bila kushinda watu, mchambuzi mwaminifu aseme nini? Nionyesheni kitu kilichofanyika uwanjani. Habari za "moyo wa kizalendo" naomba mniachie, hizo nazisikia bure kutwa nzima.

---

KipaMstaafu (Goma)

Mukubwa fundi, umepima nguo mbele tu, mgongo hujaupima.

Nilidaka mpira miaka mingi hapa Goma, uwanja wa mawe ya volkano, ukianguka unaacha ngozi. Kwa hiyo mimi timu naiangalia kuanzia nyuma, na nyuma ndiko kuna jibu lako. Tumefungwa magoli matano katika mechi saba. Hebu tuyachukue moja moja, maana redio hawafanyi hivyo.

La Zambia, Kings Kangwa alipiga kutoka mbali Mpasi akiwa ameliacha goli lake. Hilo ni la kipa, halina mjadala. La Moroko, Hakimi aliunganisha kona dakika ya sita, kabla hata watu hawajajua nani anamkaba nani. La Misri ni penalti. La Guinea, la Bayo, ni penalti. La tano ni la Haller wa Côte d'Ivoire. Sasa niambie: kati ya hayo matano, ni mangapi adui alitufungua kwa mpira wa miguu, kwa pasi, akapita katikati yetu akafunga? Mimi naona la Haller peke yake, na hata lile lilikuwa krosi ya Gradel kutoka pembeni. Moroko tuliyocheza nayo ndiyo ile ile iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022. Tulicheza nao saa za mchana, jua la San Pédro na unyevu wa bahari, na baada ya dakika ya sita hawakuliona goli letu tena. Bakambu angefunga ile penalti kabla ya mapumziko, leo ungekuwa na ushindi wa pili kwenye hesabu zako, kwa mchezo ule ule.

Hiyo ndiyo kazi ya kocha Desabre. Alipoichukua timu Agosti 2022 tulikuwa tumetoka kufungwa na Gabon nyumbani na Sudan ugenini, na CAN iliyotangulia hatukwenda kabisa. Msisahau pia kwamba tunamjua tangu 2019 kule Misri, akiwa na Uganda, alipotupiga 2-0 kwenye mechi yetu ya kwanza. Ni mtu wa kufunga mlango kwanza. Mbemba katikati, Inonga wa Simba karibu naye, Moutoussamy na Pickel mbele yao. Timu kama hiyo inatoa sare nyingi kwa sababu mpinzani naye hapati pa kupita. Wewe unaita kutoshinda. Mimi naita kutofungika.

Kuhusu goli la Haller, nimesikia watu wanamlaumu Mpasi. Hapana jamani. Mpira ule aliupiga chini, ukadunda, ukapanda juu yake. Kipa anapoona mguu unashuka juu ya mpira, mwili wake unashuka nao, magoti yanakunjwa, mikono inakwenda chini. Mpira ukidunda halafu ukapanda, wewe uko chini na huna tena mguu wa kurukia. Hakuna mazoezi yanayolitibu hilo. Ukirudia mara kumi, mara tisa unafungwa.

Na penalti si bahati nasibu kama mnavyodhani. Ile ya tisa walipiga makipa wenyewe. Mpasi alikuwa amemwona mwenzake anakosa sekunde chache tu kabla, mwamba bado unatetemeka. Kuna wachezaji wa ndani wakubwa ambao miguu ingekufa ganzi. Huyu alikuwa anacheza Rodez, daraja la pili Ufaransa, ambako hakuna aliyemjua. Akaweka mpira, akapiga. Hilo nalo lilifanyika uwanjani, fundi.

---

FundiWaKadutu (Bukavu)

Mukubwa, asante, hii ndiyo lugha niliyokuwa naitafuta. Lakini mlango uliofungwa vizuri haufungi magoli kule mbele. Naona umeruka dakika zile ishirini za Misri kumi.

---

MamaSambaza (Birere, Goma)

Ninyi wanaume mmeongea juu ya walinzi mpaka mmesahau kuhesabu upande wa pili. Mimi nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, hesabu ndiyo kazi yangu.

Kwanza niseme moja nilimalize. Tarehe 7, kabla ya mechi ya Côte d'Ivoire, vijana walisimama kwenye wimbo wa taifa, mkono mmoja mdomoni, vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Sisi wa Goma hatukuhitaji kuelezwa, ni vita ya huku kwetu. Sake iko hapo, watu walikuwa wanaingia mjini na magodoro kichwani wiki ile ile. Mimi kwa hilo tu sitawatukana kamwe, wafungwe hata saba. Hilo nimeliweka kwenye sanduku lake. Fundi ameuliza mpira, tujibu mpira.

Magoli yetu yote sita: Wissa mawili, moja ni penalti ya Guinea. Silas moja, la Moroko. Elia moja, la Misri. Mbemba moja. Masuaku moja, mpira wa adhabu. Mmeona? Mbemba na Masuaku ni watu wa nyuma. Silas na Elia ni watu wa pembeni. Namba tisa yuko wapi? Bakambu hana goli. Mayele, yule aliyewasumbua Watanzania miaka miwili pale Yanga, hana goli. Banza aliyekuwa anafunga Ureno kila wiki, hana goli. Tulipeleka washambuliaji wa katikati watatu na wote wamerudi mikono mitupu, kama mwenye mtumbwi aliyekesha ziwani usiku wa mbalamwezi.

Sasa kocha unamlaumu kwa nini hasa, fundi? Nafasi zilikuwapo. Na mechi ya Tanzania mimi niliangalia kwa simu ya kijana wangu, mtangazaji akiwa Mtanzania, kwa hiyo nilielewa kila neno, si kama ule ufaransa wa haraka haraka wa televisheni. Yule mtangazaji dakika sabini zote anawaombea wenzake, na bado anasema "Kongo wanakosa tena". Alisema hivyo mpaka nikachoka nikarudi kupanga mizigo. Kama ni kukomaa, nyuma wamekomaa. Mbele bado wabichi.

---

MzeeWaKamalondo (Lubumbashi)

Wanangu, salamu kutoka Kamalondo. Nawasoma na nacheka, maana mnaongea kana kwamba mpira wa nchi hii ulizaliwa Januari.

Fundi, rudi 2015, Guinea ya Ikweta. Kundi letu: Zambia 1-1, Cape Verde 0-0, Tunisia 1-1. Sare tatu, tukapita wa pili. Robo fainali tukashinda, Kongo ya ng'ambo (Brazzaville) 4-2, walikuwa wametangulia mbili bila, Mbokani akaamka na hasira zake. Nusu fainali tukakutana na Côte d'Ivoire, wakatutoa, 3-1. Mechi ya kutafuta wa tatu ikaisha 0-0, ikaenda penalti, tukashinda. Linganisha na hii yako. Sare tatu kwenye kundi, Zambia humo humo, Côte d'Ivoire nusu fainali, 0-0 na penalti mwishoni. Kilichobadilika ni hatua ile ya Misri katikati, kwa sababu siku hizi timu ni 24, na kwamba penalti za mwisho safari hii zilikataa. Na Côte d'Ivoire mara zote mbili walibeba kombe. Kwa hiyo aliyetutoa si mtu wa kawaida.

Mwaka ule redio pia zilisema timu imekomaa. Tunajua kilichofuata. Ndiyo maana mimi sikubaliani na kipa wala sikubaliani na fundi. Sare haikuambii kama timu ni nzuri ao mbaya. Inakuambia tu kwamba timu haijajulikana.

Kama mnataka timu iliyokuwa inafunga, mimi niliisikia. Mwaka 1974 nilikuwa mtoto, redio ya baba ilikuwa juu ya kabati na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. CAN ya Misri, fainali na Zambia, 2-2, ikarudiwa, 2-0. Magoli yote manne ya fainali zile mbili ni ya Ndaye Mulamba. Kwenye mashindano yale alifunga tisa, na mpaka leo hakuna aliyefikisha tisa katika CAN moja. Ndaye alikuwa mtu wa Vita, klabu ya Kinshasa, na mimi ni damu ya Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, lakini haki yake nampa. Sasa sikilizeni: miezi michache baadaye, timu ile ile, na Ndaye yumo, ikaenda Kombe la Dunia Ujerumani. Scotland 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0. Magoli kumi na manne ndani, sifuri nje. Najua kulikuwa na mambo ya pesa na ya siasa nyuma yake, lakini kwenye kitabu imeandikwa hivyo. Fundi anataka mbele, kipa anataka nyuma. Sisi tulikuwa na mbele iliyotisha Afrika nzima na nyuma ikavuja.

Kitu kimoja tu kinanisumbua kuhusu kikosi hiki cha sasa. Mwaka 2015 golini alikuwa Kidiaba, nyuma alikuwa Kimwaki, na Kimwaki ndiye aliyefunga la tatu kwa Kongo ya ng'ambo. Wote wa hapa, wa Mazembe, tunawaona Jumapili wanapita kwa miguu. Leo Elia peke yake ndiye ninayeweza kusema nilimwona akicheza hapa akiwa kijana. Wengine nawaona kwenye kioo kama ninyi.

---

MtotoWaReli (Lubumbashi)

Papa Mzee, kwa heshima yote, kila mjadala ni lazima uishie kwa Mazembe? Sisi wa Lupopo, klabu nyingine ya mji huu, tuko hapa pia, tunasoma.

Kuhusu wachezaji wa nyumbani: mtoto wa ligi yetu anaweza kukaa miezi bila mechi kwa sababu ligi imesimama. Utampeleka vipi akamkabe Hakimi? Inonga na Mayele walijulikana walipokwenda Tanzania, ambako ligi inaanza na inamalizika. Tuanze na hilo kabla ya kumlaumu anayechagua kikosi.

Na fundi, hao Côte d'Ivoire waliobeba kombe walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wakapita kama moja ya timu bora zilizomaliza nafasi ya tatu kwenye makundi, kocha Gasset akaondoka katikati ya mashindano. Ungekuwa na redio Abidjan wiki ile ungesema nini?

---

KipaMstaafu (Goma)

@MtotoWaReli umenisaidia. Ongezea kwamba robo fainali na Mali walicheza muda mrefu wakiwa kumi, wakasawazisha dakika ya 90, wakashinda kwenye nyongeza.

---

FundiWaKadutu (Bukavu)

Ndiyo, kipa, na hapo umejichoma mwenyewe! Wao walikuwa kumi wakafunga. Sisi tulikuwa kumi na mmoja dhidi ya kumi na hatukufunga. Hiyo ndiyo tofauti ya bingwa na wa nne, na hakuna redio hata moja niliyoisikia ikiisema.

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ya nyuma nakubali: penalti mbili, kona moja, kosa moja la kipa, na Haller. Ukiyapanga hivyo unaona ulinzi mzuri kweli, na mchambuzi angenipangia hivyo tangu mwanzo nisingekuja kuwasumbua. Mzee, hilo la 2015 limeninyima usingizi. Nilikuwa nimeyasahau yale makundi kabisa, nakumbuka tu Kidiaba akiruka kwa makalio.

Lakini hesabu ya MamaSambaza ndiyo inayobaki mezani, kwa sababu haikuanza Januari. Novemba 2023 tulicheza mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia 2026. Mauritania tukawapiga 2-0 nyumbani, vizuri. Siku nne baadaye, Sudan, nchi iko vitani, hawana hata uwanja wa nyumbani, mechi inachezwa Libya, wakatufunga 1-0. Sifuri tena mbele. Kundi lile linatoa mmoja tu wa moja kwa moja, na humo yumo Senegal. Mwezi wa sita mwaka huu wa 2024 tunakwenda kwao. Sare ya 1-1 kule nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini Togo, Sudan Kusini, Mauritania, hao hutawapita kwa sare na penalti. Kwenye makundi ya kufuzu hakuna penalti za usiku wa manane. Sare ni pointi moja, basi.

Kwa hiyo nabadilisha swali, na hili naomba mnijibu kwa jina la mtu: mwezi wa sita nani asimame katikati kule mbele? Bakambu, ambaye umri unakwenda lakini anajua kuwavuta walinzi? Mayele apewe mechi nzima, si dakika kumi za mwisho? Ao Wissa aondolewe pembeni aletwe katikati, kwa kuwa ndiye pekee aliyeonyesha kwamba akiliona goli hatetemeki?

---

MamaSambaza (Birere, Goma)

Wissa katikati, Elia kulia, Silas kushoto, Bakambu aanze benchi na aingie dakika ya sitini walinzi wakiwa wamechoka. Mayele nampenda lakini anahitaji krosi, na hatukupiga krosi.

---

MzeeWaKamalondo (Lubumbashi)

Bakambu aanze. Mama, Wissa ukimtoa pembeni, nani atarudi kumsaidia Masuaku kukaba? Senegal watapita huko huko.

---

KipaMstaafu (Goma)

Mzee amesema kweli. Masuaku anapanda sana. Kwenye mechi ya Senegal mimi namtaka Wissa abaki pale pale kushoto, na kama ni sare, iwe sare.

---

FundiWaKadutu (Bukavu)

Nilijua tu kipa ataomba sare.